Jongo likizimwa mguuni, litapanda moyoni?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo. Baba yangu ana miaka 63, na huu ni mwaka wa nne anaugua jongo. Hospitali walimpa dawa ya kumeza kila siku, akaitumia wiki tatu akaacha. Rafiki yake amemwambia jongo halizimwi, linaachwa limalize safari yake, maana ukilizima mguuni linapanda moyoni. Na kwamba hata wafalme wa Ulaya waliachwa nalo wakazeeka. Baba ameshika hapohapo. Naomba unieleze: hao watu wa zamani walikwenda kwa nani, waliambiwa nini, na hili la kupanda moyoni limetoka wapi?"

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mfamasia, na kwa miaka mingi historia ya dawa imekuwa ndiyo kazi yangu ya jioni, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Kabla ya yote nakuomba usimwambie mzee kwamba amedanganywa na mtu asiyejua kitu. Maneno aliyoambiwa yana ukoo mrefu. Kama angekuwa bwana mwenye mashamba Uingereza mwaka 1770, akamwita daktari bingwa kuliko wote, angeweza kabisa kuambiwa hayohayo, kwa nia njema, na angelipia.

Tuanzie kwenye lugha yetu. Maumivu ya viungo, na jongo (gauti) ni mojawapo, sisi tunayaita baridi yabisi. Tumelizoea jina hilo hata hatulisikii tena, lakini ni maneno mawili ya kitabibu: ubaridi na ukavu. Yametoka kwenye tiba ya Wayunani, ambayo Waarabu waliitafsiri na kuikuza, ikafika pwani yetu. Katika tiba hiyo mwili una majimaji manne, yaani damu, belghamu, safura na sauda, na kila moja lina joto au ubaridi wake, unyevu au ukavu wake. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, anaugua. Ulaya walisoma tiba hiyohiyo, ya Hippocrates na Galen, matabibu wa kale wa Kiyunani, na jina walilolipa jongo katika Kilatini cha zama za kati ni gutta, yaani tone. Waliona akilini mwao jimaji bovu linadondoka tone kwa tone kutoka juu mpaka kwenye kiungo. Wayunani wenyewe walikuwa wameliita podagra, mtego wa mguu, kama ule wa kunasia mnyama.

Sasa fuata hesabu yao mpaka mwisho. Mwili una uchafu wa kutupa, na umechagua kuutupa kwenye kidole gumba cha mguu, mbali kabisa na moyo, mapafu na ubongo. Je, huo ni ugonjwa au ni mwili unajisafisha? Kwao mguu ulikuwa jalala la nyumba, na ukiziba njia ya kwenda jalalani, taka zitabaki sebuleni. Hapo ndipo lilipozaliwa lile waliloliita jongo lililorudi ndani, ambalo madaktari waliliogopa kuliko maumivu yenyewe. Mguu ukipoa ghafla, kisha mgonjwa akabanwa kifua, akashikwa na tumbo au akapooza, waliandika kwamba jongo limehama. Rafiki wa baba yako hakubuni neno hata moja.

Uliuliza walikwenda kwa nani. Wengi walianzia nyumbani, kama sisi. Mama wa nyumba alikuwa na daftari la dawa alilorithi, na jirani naye alikuwa na lake. Kijijini au mjini alikuwepo mwuza dawa, ambaye kwa kweli ndiye aliyewatibu watu wa kawaida, na fundi wa upasuaji aliyetoa damu, akabandika ruba, akafunga vidonda. Daktari aliyesoma chuo kikuu alikuwa juu ya hao, mchache na wa gharama. Waliokuwa na uwezo walisafiri pia kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto, na mji wa Bath huko Uingereza uliishi kwa wagonjwa wa namna hiyo: wanaoga, wanakunywa maji yenye ladha ya chuma, wanakutana na wenzao wenye miguu iliyofungwa vitambaa, wanabadilishana ushauri.

Lakini kinachonivutia kuliko vyote ni barua. William Cullen alikuwa profesa wa tiba Edinburgh, Uskoti, akafariki mwaka 1790. Barua alizoandikiwa na wagonjwa, pamoja na majibu yake, zimehifadhiwa katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha mji huohuo, maelfu yake, kuanzia mwaka 1755. Zilitoka Uskoti, zilitoka Uingereza, nyingine zilivuka bahari kutoka Amerika na visiwa vya Karibi. Mgonjwa hakumwona daktari, wala daktari hakumwona mgonjwa. Mara nyingine mgonjwa aliandika mwenyewe, mara nyingine aliandikiwa na tabibu wa kwao.

Usidhani barua ilikuwa njia ya mkato. Daktari wa enzi hizo, hata mgonjwa akiwa mbele yake, alikuwa na kidogo sana cha kupima. Alimtazama uso na ulimi, akashika mshipa wa mkono, akautazama mkojo kwenye chupa. Kifaa cha kusikilizia kifua hakikuwepo kabisa mpaka Laennec alipokibuni Paris mwaka 1816. Hapakuwa na kipimo cha damu. Sehemu kubwa ya utabibu ilikuwa kusikiliza, na masimulizi yanaweza kusafiri kwa posta. Kwa hiyo mgonjwa wa jongo aliyeandika barua nzuri alieleza umri wake na umbo la mwili wake, kama baba yake naye alikuwa nalo, anakula nini na anakunywa kiasi gani, choo kinakuja mara ngapi, mkojo una rangi gani, maumivu yalimwamsha saa ngapi, yalidumu siku ngapi, na nani ameshamtibu kwa nini. Nimekuwa nyuma ya kaunta miaka yote hii, na ni wagonjwa wachache sana walionieleza habari zao kwa ukamilifu huo.

Majibu ya Cullen yaliingia mpaka mezani kwa mgonjwa: chakula gani apunguze, mvinyo gani aache, apande farasi au atembee, avae nini. Kuanzia mwaka 1781 alitumia mashine mpya ya James Watt ya kunakili barua. Barua ikiwa bado mbichi kwa wino, unaifunika kwa karatasi nyembamba iliyoloweshwa, unaibana kwa nguvu, wino unahamia upande wa pili, kisha unaisoma nakala kwa nyuma yake kwa sababu karatasi inapitisha mwanga. Kwa sababu ya karatasi hizo za maji tunajua leo aliwaambia watu nini.

Na Cullen, ni vizuri mzee ajue hili, hakukubali ile habari ya uchafu unaodondoka. Yeye aliona jongo ni ugonjwa wa mwili mzima unaoongozwa na mishipa ya fahamu. Alikosea kwa upande wake, lakini alikuwa ameshaanza kulitoa jalala mguuni. Kwa shambulio la kawaida ushauri unaohusishwa na jina lake ni maneno mawili: subira, na flaneli, ile sufu laini ya kuufunika mguu. Neno la kitambaa hicho ndilo lililokuja kwetu likawa fulana. Kwa hiyo fulana anayovaa baba yako kila siku imebeba jina la dawa ya jongo ya karne ya 18.

Kama nusu ya tiba ilikuwa kusimulia, basi aliyesimulia vizuri kuliko wote alikuwa daktari na mgonjwa kwa wakati mmoja. Thomas Sydenham wa London aliugua jongo zaidi ya miaka 30, na mwaka 1683 alichapisha maelezo yake. Mpe baba hii sehemu, nadhani atajitambua. Mtu analala vizuri, mzima kabisa. Yapata saa nane usiku anaamshwa na maumivu ya kidole gumba cha mguu, pengine kisigino au kifundo. Anahisi kama mfupa umetenguka, kisha kama maji ya vuguvugu yanamwagiwa juu yake. Inafuata baridi na kutetemeka, homa kidogo. Maumivu yanapanda saa kwa saa, mara kama mshipi unaovutwa, mara kama mnyama anayetafuna, mara kama kitu kinachobana na kukaza. Ngozi inakuwa nyepesi kiasi kwamba hawezi kuvumilia uzito wa shuka, wala mtikisiko wa mtu anayetembea chumbani.

Huo mtikisiko wa mtu anayepita chumbani hakuna aliyeusoma kitabuni. Alikuwa kitandani, akasikia hatua za mtumishi, akaumia. Mimi nimewahi kuona mteja akiingia dukani na kiatu mguu mmoja, mguu mwingine uko wazi juu ya kandambili iliyofunguliwa kamba, na mtoto alipokimbia karibu yake yule bwana alinyoosha mikono yote miwili kumzuia kabla hata hajaguswa. Zaidi ya miaka 300 imepita, ugonjwa haujabadilika hata kidogo.

Sydenham aliwashauri wagonjwa wenzake wawe wanakula kwa kiasi, waache kuchanganya vyakula, wapande farasi, walale mapema. Hakupenda kutoa damu wala kuharisha watu kwa dawa kali, na hilo pekee liliwaokoa wengi. Lakini hata yeye aliyeugua hivyo aliona kwamba maumivu ni dawa chungu ya maumbile: kadiri yanavyokuwa makali, ndivyo shambulio linavyokwisha mapema. Ndiyo maana nasema wazo hili lilikuwa na nguvu. Lilimshika mpaka mtu aliyekuwa akilia nalo usiku.

Kuna jambo lingine lililowapoteza, na linawapoteza watu mpaka leo. Shambulio la jongo, hasa la miaka ya mwanzo, huisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo chochote utakachofanya siku ya nne kitaonekana kimekuponya siku ya kumi. Jongo ni ugonjwa unaowapa sifa waganga wote.

Chukua habari ya William Temple, balozi wa Uingereza aliyekuwa Nijmegen, Uholanzi, kwenye mazungumzo ya amani. Jongo lilimshika huko. Rafiki yake Mholanzi, Constantijn Huygens, akamwambia habari za mchungaji mmoja, Hermann Busschof, aliyekuwa Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Mchungaji huyo alikuwa amehangaika na jongo mpaka mganga mwanamke wa huko alipomchomea moksa miguuni, na akaandika kitabu kuisifu. Moksa ni majani ya mpakanga wa Asia yaliyokaushwa na kusagwa mpaka yakawa kama pamba. Unafinyanga kijichungu kidogo, unakiweka juu ya ngozi, unakiwasha, kinaungua polepole mpaka chini. Temple alikubali achomwe kwenye kidole kinachouma. Alipona upesi, akaandika makala mwaka 1677 kuwaeleza wenzake. Wazee wetu waliochomwa kwa chuma cha moto wangemwelewa bila mkalimani. Simlaumu hata kidogo. Mtu mwenye maumivu yale angekubali zaidi ya hayo. Nakuonyesha tu jinsi ushauri ulivyosafiri: kutoka kwa mganga wa Batavia asiyetajwa jina, kupitia mchungaji, kupitia rafiki, mpaka kwa balozi, na daktari hayumo kabisa katika mnyororo huo.

Karne iliyofuata ndiyo iliyotoa wale wafalme na mabwana wa rafiki wa baba. Imani ilikuwa imekwenda mbali zaidi: jongo si la kuvumiliwa tu, ni mlinzi. Mwenye jongo hapati maradhi mengine. Horace Walpole, mwandishi wa barua maarufu, mikono yake ilitoa mawe ya chaki, yaani vile vinundu vyeupe vinavyopasuka kwenye viungo, na kila usiku alivaa viatu vya sufu na hariri iliyopakwa mafuta. Hata hivyo aliwaandikia rafiki zake kwamba hatamani kuponywa, maana akiponywa huenda ikaja homa au kupooza mahali pake. Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa, aliandika Oktoba 1780 mazungumzo kati yake na Jongo. Jongo linamkaripia kwa kukaa kwenye meza ya sataranji badala ya kutembea bustanini, na hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini humo humo Jongo linajisifu kwamba ndilo daktari wake, ndilo lililomkinga na kiharusi na kuvimba mwili. Aliandika kwa mzaha, ila wasomaji wake wote walilijua wazo hilo.

Na William Pitt Mkubwa, waziri mkuu, mwaka 1767 aliugua akili na mwili, akajifungia miezi mingi hawezi hata kuzungumza na mawaziri wake. Daktari wake Anthony Addington aliona tatizo ni jongo lililokataa kutoka, na matumaini yakawekwa kwenye shambulio jipya. Serikali nzima inangoja kidole kivimbe.

Hao ndio "walioachwa nalo wakazeeka". Kweli Walpole alifika miaka 79. Lakini mfalme ambaye habari zake tumezihakiki kwa macho ni Charles wa Tano, mtawala wa Hispania na nusu ya Ulaya. Alibebwa kwenye kiti, aliahirisha vita kwa sababu ya jongo, akajiuzulu akiwa na miaka 55. Kidole chake kimoja kilihifadhiwa kwenye kisanduku, na mwaka 2006 wanasayansi wa Hispania walitangaza matokeo ya uchunguzi wake: kiungo kilikuwa kimeliwa, kimejaa fuwele za asidi ya yuriki, ile taka ya damu iletayo jongo. Alikuwa nalo, ndiyo. Lilimla.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho, nadhani, kilimfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba jongo likizimwa linaua. Katikati ya karne ya 18 ilienea dawa iliyoitwa unga wa Duke wa Portland. Ilikuwa mizizi na majani machungu matano, yamekaushwa na kusagwa kwa vipimo sawa, na mgonjwa aliunywa kila asubuhi kabla ya kula, miezi kwa miezi. Mashambulio yalipungua kweli. Kisha Cullen na wenzake wakaona kitu: waliomaliza dawa walikaa bila jongo, lakini baada ya muda si mrefu wengi walikufa kwa kuvimba mwili, kwa pumu, kwa kiharusi. Ungesemaje? Ungesema jongo lililozuiliwa limepanda ndani, na ungekuwa na makaburi ya kuonyesha.

Kimoja kati ya vitu hivyo vitano kilikuwa mzizi wa mmea wa jamii ya aristolokia. Leo tunajua mimea hiyo ina asidi inayoharibu figo taratibu na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Imepigwa marufuku katika nchi nyingi. Siwezi kuwapima marehemu wa miaka 250 iliyopita, lakini kama mfamasia, nikisoma kwamba mtu alikunywa mzizi huo kila siku kwa mwaka mzima kisha akavimba mwili, siutafuti ugonjwa uliopanda kutoka mguuni. Nauangalia unga. Hapa pia nakuomba uwe makini: usikubali mzee apewe unga wa mizizi usiojulikana kwa ajili ya jongo, hata ukimtuliza. Hasa ukimtuliza.

Kinachonisikitisha ni kwamba wakati wote huo dawa ya kweli ilikuwepo. Kolchikamu ni ua la zambarau linalochanua majira ya majani kupukutika, likiwa halina jani hata moja. Wayunani waliliogopa kama sumu, na ni sumu. Lakini katika karne ya 6 tabibu Alexander wa Tralles, ndugu wa yule Anthemius aliyesanifu jengo maarufu la Hagia Sophia huko Istanbul, alikuwa akitumia mmea wa jamii hiyo kwa jongo. Waarabu waliuita surinjan. Ibn Sina anautaja. Kisha Ulaya wakauacha karibu kabisa, kwa kuogopa sumu yake na kwa sababu nadharia haikuhitaji dawa inayozima haraka.

Aliyeurudisha hakuwa daktari. Nicolas Husson, afisa wa jeshi la Ufaransa, aliuza maji yake ya siri ya jongo kuanzia miaka ya 1780. Madaktari waliyakemea. Wagonjwa walipona kwa saa chache, wakaambiana. Joseph Banks, rais wa jumuiya ya wanasayansi wa London, ambaye jongo lilikuwa limemweka kwenye kiti cha magurudumu, aliyatumia na kupata nafuu. Mwaka 1814 John Want wa London akaonyesha kwamba kolchikamu ikilowekwa kwenye mvinyo inafanya kazi ileile ya maji ya siri. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou wa Paris, walewale waliotoa kwinini kwenye magome ya sinkona mwaka huohuo, walitoa kiini chake. Kiini hicho kikaitwa kolchisini, na vidonge vyake viko kwenye maduka yetu ya dawa. Kwa miaka elfu na zaidi wagonjwa walikuwa na ushahidi mguuni mwao, na waliosoma hawakutaka kuuamini kwa sababu haukukaa vizuri na majimaji manne.

Kemia ndiyo iliyomaliza ubishi. Scheele wa Sweden aliipata asidi ya yuriki mwaka 1776 katika jiwe la kibofu. Wollaston akaikuta kwenye kinundu cha jongo mwaka 1797. Na Alfred Garrod wa London alionyesha mwaka 1848 kwamba imejaa katika damu ya wenye jongo. Kipimo chake alichokieleza baadaye nakipenda sana. Unaweka maji ya damu kwenye kisahani cha kioo, unatia matone ya siki kali, unalaza ndani yake uzi mmoja wa kitani, unaacha siku moja au mbili. Kama mtu ana jongo, fuwele ndogondogo zinajipanga juu ya uzi kama sukari ya mawe kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza tangu Hippocrates, ugonjwa ulionekana bila mgonjwa kusema neno.

Na yale ya kale yakapata maana. Hippocrates alisema mwanamke hapati jongo mpaka akome hedhi: homoni za kike husaidia figo kutoa asidi hiyo. Waingereza wa karne ya 18 waliugua sana kwa nyama na mvinyo, ndiyo, lakini pia kwa sababu vinywaji vyao vingi vilichafuliwa na madini ya risasi, na risasi huzuia figo kufanya kazi hiyohiyo. Garrod mwenyewe aliwaona mafundi bomba na wapaka rangi wengi kati ya wagonjwa wake, na hao hawakuwa matajiri. Kwa nini kidole gumba? Kiko mbali na joto la mwili, na fuwele hujitenga kirahisi penye ubaridi. Mabibi na mababu waliosema baridi hawakuwa mbali sana.

Basi hili la moyoni. Jongo halipandi. Fuwele za mguuni haziondoki kwenda kifuani. Lakini asidi imo kwenye damu ya mwili mzima tangu mwanzo, na mtu mwenye jongo mara nyingi ana shinikizo la damu, kisukari au figo zilizoanza kuchoka, vitu ambavyo huumiza moyo kimyakimya. Wazee wale waliona kweli kwamba watu wa jongo hufa kwa moyo. Walichokosea ni kudhani mguu ulikuwa unawakinga.

Sasa lile la wiki tatu. Nahisi baba yako alipewa alopurinoli, dawa inayopunguza asidi yenyewe, inayotumika tangu miaka ya 1960. Na nahisi aliiacha kwa sababu baada ya kuanza, mguu ulimshika tena. Hilo hutokea kwa wengi katika miezi ya mwanzo: asidi inaposhuka kwenye damu, fuwele za zamani kwenye viungo huanza kuyeyuka na kuchokoza. Kwa macho ya mgonjwa ni kama jongo limekasirika, na maneno ya rafiki yanathibitika palepale. Ndiyo maana daktari huanza na kipimo kidogo, akapandisha polepole, na mara nyingi hutoa kolchisini kidogo pembeni kwa miezi kadhaa. Kama hakuelezwa hivyo alipopewa, ana haki ya kuwa na mashaka.

Mrudishe kliniki akiwa hana shambulio. Apimwe asidi ya yuriki, figo, shinikizo na sukari. Asianze tena mwenyewe na vidonge vilivyobaki, na akianzishwa, akipata vipele mwilini au vidonda mdomoni aache mara moja na aende hospitali siku hiyohiyo. Kolchisini asijiongezee: kati ya kipimo kinachotuliza na kinachodhuru pana nafasi ndogo, na kuharisha ndiyo dalili ya kwanza. Bia, maini, utumbo na soda za sukari apunguze, lakini msimlaumu kwa chakula kila anapoumia. Ukoo una sehemu yake kubwa.

Na usiku mmoja kabla ya kwenda, kaa naye uandike kama walivyoandika wale wa Edinburgh. Shambulio la kwanza lilikuwa mwaka gani, saa ngapi usiku, kiungo kipi. Limerudi mara ngapi. Babu alikuwa nalo? Dawa gani anameza kwa ajili ya presha, maana baadhi yake hupandisha asidi hiyo, ingawa asiziache bila kuambiwa. Mizizi gani ameshakunywa, bila kuficha. Siku ile aliyoiacha dawa, mguu ulikuwaje. Ukurasa mmoja unatosha, mkampe daktari mkononi.